Msamaha Bila Kibali cha Kampuni

Mzee aliyetugonga alikuja kutuomba msamaha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angekuwa mtu wa hovyo, mtu wa kugonga na kutokomea, au hata mtu wa kukaa kwake na kutuma pole kwa simu, leo mama yangu angekuwa anatembea. Bahati mbaya tuligongwa na muungwana.

Ulikuwa msimu wa mahindi. Mama alikuwa kwangu Tunduma kwa majuma kadhaa, akaichoka Tunduma kama anavyoichoka kila mwaka. Nyumba yangu haiko mbali na barabara kuu, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hukaa pale hadi unaanza kuwazoea madereva kama majirani. Mama husema mji ambamo magari yamekaa na watu ndio wanaotembea haumfai. Tena kahawa yake huko Iyula ilikuwa imeanza kuiva, na yeye haamini kwamba kuna mtu mwingine duniani anayeweza kuchuma nyekundu akaiacha ya kijani. Nikafunga duka langu la ndoo na mabeseni, nikampakia kiti cha nyuma kwenye kigari changu, kikapu chake mapajani, tukaondoka.

Tulipokaribia Mlowo, watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara kwenye kivuko chenye milia. Nikasimama. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadaye niliulizwa na watu wengi, wengine wakiwa wameshika kalamu, ni kwa nini nilisimama. Nilisimama kwa sababu watoto walikuwa wanavuka. Nyuma yetu kulikuwa na kenta iliyojaa mahindi, nayo haikusimama.

Kishindo sikikumbuki. Nakumbuka mahindi. Gunia moja lilidondoka juu ya buti letu, likapasuka, na punje zikawa zinaingia ndani kupitia pale palipokuwa na kioo cha nyuma, zikimmwagikia mama kichwani na mabegani. Maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba tusiyakanyage mahindi ya watu. Ya pili yalikuwa kwamba hausikii mguu wake wa kushoto.

Mwenye kenta alikuwa mzee wa Isansa, na alikuwa anaendesha mwenyewe, na mahindi yalikuwa yake. Alishuka, akavua kofia, akasimama kando ya mlango wetu. Trafiki alipofika akapima kwa futi, akachora, akasema kosa ni la kenta.

"Ndiyo," mzee akasema. "Ni langu."

Trafiki alimtazama kwa mshangao, akamwomba arudie. Nadhani hakuwa amezoea.

Nyonga ya mama ilikuwa imevunjika. Alifanyiwa operesheni ya kwanza, ya kuokoa maisha na kutuliza maumivu, na daktari akatueleza kwamba itahitajika ya pili, ya kubadilisha nyonga yenyewe, na isicheleweshwe, maana kadiri anavyokaa ndivyo misuli inavyolegea. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: je, atashuka shambani? Shamba lake la kahawa liko kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Mtu mwenye nyonga mbovu hafiki huko, na akifika harudi. Daktari akamjibu kwamba akibadilishiwa nyonga atashuka. Tangu siku hiyo sikuwa na jambo jingine kichwani mwangu ila mama kushuka shambani. Uwezo wetu wa familia uliishia kwenye operesheni ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya bima.

Sasa, mimi kama wenzangu wengi nilikuwa na bima ndogo, ile ya kubandika stika kwenye kioo ili trafiki asikusumbue. Bima ndogo inawalinda wengine dhidi yako. Wewe ukigongwa, unakwenda kuitafuta kampuni ya aliyekugonga, unajitambulisha, na kuwaeleza kwamba mteja wao amekuumiza. Wao hukupokea kama unavyompokea mtu aliyekuja kudai mzigo ambao hujawahi kuuona.

Lakini kabla sijafika kwenye kampuni, mzee alifika kwetu.

Mama alikuwa amerudishwa Iyula, amelazwa kwenye godoro sebuleni ili aone watu wanaoingia. Kwetu mtu aliyemuumiza mwenzake haji peke yake, wala haanzi kusema yeye. Huja na watu wa kumsemea. Wakaja: mzee, mke wake, kaka zake wawili, na mwenzake mmoja wa kanisani, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa. Walisimama mwanzo wa ua, na jogoo wao, hadi mjomba wangu, mdogo wake mama, alipotoka kuwapokea. Wakaingia, wakakaa, wakazungumza habari za mvua, na za misiba, na za barabara ya kwao ilivyo mbaya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona nikitamani kumrushia mtu kitu.

Kisha kaka yake mkubwa akasema lililowaleta. Alipomaliza, mzee akanyanyuka kwenye kiti, akapiga magoti kando ya godoro.

"Mama, mimi ndiye niliyekuvunja," akasema. "Sikuwa na haraka yoyote ya maana. Nilikuwa nafikiria mizani ya mahindi pale Mlowo, kama nitawahi foleni. Nilipowaona mmesimama nilikanyaga breki, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Kosa ni langu, si la gari. Naomba unisamehe."

Mke wa mzee akaanza kulia polepole.

"Yale mahindi yaliokotwa?" mama akauliza.

"Yaliokotwa, mama."

"Yote?"

"Mengi."

Mama akatazama dari, halafu akasema amesamehe. Jogoo akachinjwa, akapikwa, na mama na mzee wakala sahani moja, kama inavyotakiwa, yeye amelala na mzee amekaa chini sakafuni akimsogezea nyama. Tukasali. Mimi sikuwa nimesamehe, na sikuficha sana. Nilikula paja, kwa hasira.

Ofisi ya kampuni ilikuwa Mbeya. Afisa aliyepewa shauri letu alikuwa kijana nadhifu, mwenye tai na sauti ya upole. Aliniita dada, akanipa pole ya kweli, akasoma karatasi za polisi na za hospitali, akasema hii ni kesi nyepesi kabisa. Nilimpenda siku hiyo. Nilirudi Tunduma nikaanza kuwaambia watu wasiwaogope watu wa bima.

Baada ya hapo faili likaingia kwenye mchakato. Kijana yule alitia mchakato kwenye kila sentensi kama mpishi asiyeonja chumvi. Nikipiga simu, faili lipo kwenye mchakato. Nikienda Mbeya, mchakato unaendelea vizuri, ila kuna karatasi moja imepungua. Nikiipeleka, karatasi imepokelewa na imeingia kwenye mchakato. Mteja wangu mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mama mnene mchangamfu anayenunua ndoo za kupeleka kwao, aliniona nimekaa na simu mkononi, akaniuliza nina nini. Nilipomweleza akacheka.

"Ba insurance ni bakabolala," akasema. "Kwetu wezi, kwenu wezi. Nipe za kijani, mama."

Nikampa za kijani, nikamwambia hapana, huyu wa kwangu ni kijana mzuri. Na kwa kweli alikuwa mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba katika jambo lote hili sikupata mtu mbaya wa kumgombeza.

Kisha siku moja afisa akasema anataka kumwona mgonjwa na kuchukua maelezo yake. Nikafurahi. Nikamsubiri Vwawa, nikampeleka Iyula, viatu vyake vyeusi vikawa vyekundu kabla hatujafika mlangoni. Mama wakati huo alikuwa amekwishaanza kukaa kwenye kiti. Akaamkiwa, akaitikia, akaagiza chai. Afisa akakaa karibu naye, akajieleza kwa heshima yote.

"Bibi, mimi natoka kampuni ya bima ya yule mzee."

"Bima ndiyo nini hasa, baba? Huyu binti yangu ananieleza sielewi, anasema kwa ukali."

"Ni hivi, bibi. Mwenye gari akikosea barabarani, kosa lake tunalibeba sisi. Ndiyo kazi yetu."

"Lote?"

"Lote, bibi."

Mama alimtazama kwa heshima mpya. "Basi ninyi ni watu wazuri sana," akasema. "Kubeba kosa la mtu mwingine si kazi ndogo."

Kijana akaona haya kidogo, akanywa chai. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, kama yule mzee aliwahi kuja kumwona. Mama akachangamka. Hakuna hadithi aliyopenda kuisimulia kama hiyo. Akaeleza walivyosimama uani, alivyosema kaka mtu, alivyosema mwenyewe kwamba kosa ni lake, alivyosamehewa. Mjomba akaongezea sala. Mimi nikamkumbusha mama asisahau mzee alivyopiga magoti. Nilidhani tunajenga kesi. Mtu amekiri mwenyewe, mbele ya mashahidi, mbele ya Mungu, kuna ushahidi gani mzuri kuliko huo? Afisa aliandika yote bila kuinua kichwa, na nikaona sikio lake moja limekuwa jekundu. Nikafikiri ni baridi ya huku kwetu Mbozi.

Nilipoitwa tena Mbeya, alifunga mlango wa ofisi kwanza.

"Dada, mteja wetu amevunja mkataba," akasema.

"Mkataba gani?"

"Wa bima. Mkataba unamkataza mteja kukiri kosa au kusuluhishana na mtu bila kibali cha kampuni. Alipaswa kutuarifu kabla."

"Kabla ya kuomba msamaha?"

"Kabla ya kukiri kosa, ndiyo."

"Kwa hiyo angeandika barua ya kuomba kibali cha kuomba msamaha."

"Hata barua pepe inakubalika," akasema, na hakuwa anatania. "Na ninyi nanyi mlipokea kuku."

"Jogoo."

"Mlipokea jogoo kama sehemu ya usuluhishi."

"Hatukumpokea tukamfuga. Tulimla wote, sisi na wao."

"Ndilo tatizo lenyewe, dada."

Ilinijia kwamba kama mzee yule angekaa kwake Isansa na kutusema vibaya, kama angedai kwamba mimi ndiye niliyerudi kinyumenyume nikaigonga kenta yake, mama angekuwa kwenye foleni ya nyonga mpya. Nikamwambia afisa hivyo. Akanijibu kwamba hapo kampuni ingekuwa na la kuzungumza.

Kisha akashusha sauti. Akasema maelezo ya bibi hayajapelekwa makao makuu bado. Watu wazima wakiwa kwenye dawa za maumivu huchanganya mambo. Kama mzee ataandika kwamba alikuja kumjulia hali mgonjwa tu, kama jirani yeyote, na hakusema lolote kuhusu ajali, na bibi naye akisema hivyo hivyo, yeye ataandika maelezo mapya, na shauri litaendelea. Alikuwa anajiweka hatarini kwa ajili yetu, na nilijua. Nilitakiwa kuona aibu. Nilichoona ni furaha, nikashuka ngazi za jengo lile karibu nikimbie.

Nilipita kwanza kwa mwanasheria mmoja wa Vwawa. Akaniambia kampuni haina haki kabisa, kwamba aliyeumizwa hawezi kuadhibiwa kwa mkataba asioujua, na kwamba tukienda mahakamani tutashinda vizuri. Nikamuuliza lini. Akaanza kupanga karatasi zake mezani. Nikaona misuli ya mama inalegea, nikamuaga, nikaenda Isansa.

Nilimkuta mzee nyumbani kwake, anapepeta maharage na mkewe. Akanipa kiti. Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyopandisha sauti. Nilimuuliza nani alimtuma kuja kwetu. Nilimuuliza kwa nini hakukaa kwake kama watu wengine wanaogonga watu. Nilimlaumu kwa msamaha wake kwa maneno ambayo sikuwahi kumlaumu nayo kwa ajali.

Alisikiliza huku ungo umetulia mapajani.

"Kwa hiyo unataka niandike kwamba sikumwomba mama yako msamaha," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ni mzee wa kanisa, mwanangu. Niliokuja nao wako hai, wanajua nilichosema."

"Najua, baba. Lakini mama hawezi kushuka shambani."

Mkewe akaacha kupepeta. Mzee akaokota jiwe moja dogo kwenye maharage, akalitupa uani.

"Mguu si wangu," akasema mwishowe. "Nitaandika. Ila ule msamaha nilishamwomba, naye akanipa. Siwezi kwenda kuukana kimyakimya kama mwizi. Nije kwanza nimwombe ruhusa."

Nilimwambia hakuna haja. Akasema haja ipo. Basi wakaja tena: mzee, mkewe, kaka zake wawili, yule mwenzake wa kanisani, wote wamevaa kama mara ya kwanza.

Kuomba msamaha kuna utaratibu wake, tumeukuta na tutauacha. Kuurudisha hakuna. Mjomba alitoka kuwapokea akabaki amesimama katikati ya ua, hajui kama anatakiwa kuwakaribisha ndani au kuwasikiliza pale pale. Akawakaribisha. Shangazi aliyekuja kupika akaja kuniuliza kwa kunong'ona kama kwa jambo la namna hii watu hupewa chai. Nikamwambia awape. Wakazungumza habari za mvua, kwa kuwa hakuna aliyejua kuanzia kwingine. Kisha kaka mkubwa akakohoa.

"Tumekuja kuhusu lile jambo letu la siku ile," akasema. "Tunaomba kulirudisha. Kwa muda tu."

Mjomba akafikiri. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki, akauliza kama upande wetu unatakiwa kurudisha jogoo. Jambo hilo likachukua nafasi yake. Mmoja alisema jogoo lazima arudi, la sivyo msamaha unabaki umeshikiliwa na upande mmoja. Mwingine akasema jogoo aliliwa na pande zote mbili, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Wakakubaliana na huyo wa pili. Mimi nilikuwa nasubiri wamalize nipate karatasi yangu.

Mzee akanyanyuka. Hakupiga magoti, nadhani hakujua kama anaruhusiwa. Alisimama mbele ya kiti cha mama, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "nimekuja kuomba ruhusa niseme kwamba sikuja kuomba msamaha."

Mama akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyewaita?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza mkataba na makao makuu. Yakapotea yote. "Nataka ushuke shambani," nikasema, na sauti ikanikatika mbele za watu, nikachukia. "Nataka ushuke shambani kwako, mama, basi. Sitaki jingine."

Alinitazama, nadhani kwa huruma, halafu akarudi kwa mzee.

"Na wewe utaandika hivyo?"

"Ukiniruhusu, nitaandika."

"Na Jumapili utasimamaje mbele ya watu?"

"Sitasimama. Nimekwishamwambia mchungaji kwamba uzee wa kanisa nauacha."

Mkewe aliinamisha kichwa. Kumbe alikuwa anajua, na sisi wengine ndiyo kwanza tunasikia. Nilishindwa kumtazama yule mzee. Mama akapapasa nyonga kama anavyofanya, juu, chini, juu, chini. Alipoanza kusema alisema kwa Kinyiha, kwa sauti ndogo, nami naandika kama ninavyoweza.

"Kabla hujaja mara ya kwanza, nilikuwa nimelala pale chini nakuchukia. Sikuwa nakujua hata jina, nikawa nakuchukia wewe na watoto wako na wajukuu wako. Niliuambia ukuta maneno ambayo sikujua kwamba ninayo. Nilikuombea nyumba yako ipate kilema. Nilikuwa silali, na si kwa maumivu. Ulipokuja yakaisha. Nikalala usingizi siku ile ile. Sasa ukiandika kwamba hukuniomba, mimi nilisamehe nani? Itabidi nianze upya kukuchukia, na mimi sina nguvu ya kuumwa na kuchukia kwa pamoja. Baki na uzee wako. Sikuruhusu."

Mzee alikuwa anafuta uso kwa kofia.

"Mpigie yule kijana," mama akaniambia.

Nikapiga. Nakiri nilikuwa bado na matumaini. Nilikuwa nimeyapanga juma zima maneno ambayo mama angesema, na nikajidanganya kwamba akisikia sauti ya ofisini atabadilika. Nikaweka sauti ya nje, nikamshikia simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Unaendeleaje?"

"Nimekaa. Sikiliza. Yule mzee alikuja. Alisema kosa ni lake, akaniomba msamaha, nikampa. Andika hivyo hivyo, usipunguze."

"Bibi, tukiandika hivyo faili linafungwa."

"Lifunge. Ila nina swali. Ulikaa hapa kwangu ukaniambia kwamba kosa lake mmelibeba ninyi."

"Ndiyo, bibi. Kimkataba..."

"Ulisema lote."

"Ndiyo, bibi."

"Yeye amekuja mara mbili. Ninyi mnakuja lini?"

Tulisikia mlango ukifungwa huko Mbeya, na mtu akicheka mbali, kwenye chumba kingine. Kijana alikohoa.

"Bibi," akasema kwa upole wake ule ule, "kampuni haina utaratibu huo."

"Basi utafuteni. Mimi nipo, nawasubiri."

Akanirudishia simu kwa namna ya mtu aliyemaliza kazi, akawauliza wageni kama wamepata chai.

Faili lilifungwa. Kampuni ilituandikia kwamba suala limehitimishwa na ikatutakia afya njema. Mwanasheria wa Vwawa amefungua kesi, nayo inaahirishwa kwa amani. Daktari alipomwona mama mara ya mwisho hakuzungumzia tena shamba, alizungumzia magongo, na jinsi ya kuyashika ili makwapa yasichubuke.

Mimi nina hasira na watu wengi. Nina hasira na kampuni, na mkataba, na mizani ya Mlowo, na yule mzee ambaye siku hizi kila mtu hapa anamsalimia kama ndugu. Lakini aliye karibu ni mama, kwa hiyo yeye ndiye ninayemjibu vibaya. Ninapokuwa Iyula hukaa naye kibarazani. Gari lolote likipanda kilima chetu, huacha anachofanya, husikiliza, kisha huniambia nikatazame kama ni wao.

Mwanzoni sikunyanyuka. Siku moja nikamwambia kwa ukali kwamba hawatakuja, mama, hakuna mtu wa bima aliyewahi kupanda kilima hiki kuja kumwomba mtu msamaha, na wala hatapanda.

"Sikukuuliza kama watakuja," akanijibu. "Nimekuomba ukatazame. Ningeweza kunyanyuka, ningekwenda mwenyewe."

Siku hizi nanyanyuka. Nafika mwanzo wa ua, natazama hadi gari lipite, narudi kumwambia kwamba ni la mbolea.